Nyaraka binafsi za Dk. John Kirk wa Zanzibar: tunazisoma vipi, na tunatafuta nini ndani yake?

Mwandani wa Hati (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Naanzisha uzi huu kwa ajili ya wale wanaosoma, au wanaotamani kusoma, nyaraka binafsi za Dk. John Kirk, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1832 na kufariki mwaka 1922. Wengi wetu tunamjua kwa jambo moja tu, nalo ni mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ambao Seyyid Barghash alitia saini huku akitishiwa kuzingirwa na manowari, na ambao ulifunga soko la watumwa la Mkunazini. Shuleni tulisoma mkataba huo katika aya moja, kisha tukapita. Kinachosahaulika ni kwamba mtu aliyeupeleka mkataba huo mbele ya Sultani alikuwa, kwa mafunzo na kwa mapenzi yake, tabibu na mtaalamu wa mimea, na kwamba makaratasi aliyoyaacha yanahusu majani, utomvu, ngozi za wanyama na vina vya mito kwa kiasi kilekile yanavyohusu siasa.

Kwa ufupi, Kirk alifika Afrika mwaka 1858 akiwa tabibu na mtaalamu wa mimea katika msafara wa Zambezi ulioongozwa na David Livingstone, akarudi kwao mwaka 1863. Mwaka 1866 alikuja Zanzibar kama tabibu wa ubalozi wa Uingereza, mwaka 1870 akaanza kukaimu nafasi ya balozi, na baadaye akawa konsuli mkuu. Aliondoka mwaka 1886. Ni miaka ishirini ya Zanzibar, juu ya mitano ya Zambezi, na muda wote huo hakuacha kukusanya.

Makaratasi yenyewe yametawanyika. Yale ya binafsi, yakiwemo mashajara na barua, yako Edinburgh katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Barua zake kwa wakurugenzi wa bustani ya mimea ya Kew ziko Kew, pamoja na mimea mikavu aliyoituma. Barua rasmi za ubalozi kwa wizara ya mambo ya nje ziko katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, ambazo nazo ziko Kew, jambo linalowachanganya wageni wengi, kwani taasisi hizi mbili ni tofauti kabisa ingawa ni jirani. Halafu kuna upande wetu: kumbukumbu za ubalozi wa Kiingereza zilizobaki Zanzibar zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani.

Hoja yangu ni kwamba mafungu haya manne hayasomeki moja moja. Nitatoa mfano. Mwaka 1862, msafara ukiwa umechoka na watu wake wamegombana, Kirk aliandika katika shajara yake kwamba haoni hitimisho jingine isipokuwa kwamba Dk. Livingstone amerukwa na akili. Ni maneno makali ya mtu aliyekuwa anakula naye meza moja. Lakini hadharani Kirk hakuwahi kuyasema, na mwezi Aprili 1874, Livingstone alipozikwa Westminster Abbey, Kirk alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza, pamoja na Henry Stanley, mwandishi wa habari yule yule ambaye miaka miwili kabla alimshutumu Kirk mbele ya ulimwengu kwamba alizembea kumpelekea Livingstone misaada huko bara. Anayesoma magazeti ya wakati ule ataona urafiki na ugomvi wa hadharani, na anayesoma shajara ataona jambo jingine. Hata hivyo, shajara pekee nayo haimwambii msomaji kwamba mwandishi alichagua kunyamaza miaka yote iliyofuata.

Kuna jambo la pili ambalo lazima lisemwe mapema ili tusijidanganye kuhusu ukamilifu wa hazina hii. Mwishoni mwa mwaka 1860, wakirudi kwa mitumbwi kutoka nchi ya Wamakololo, waliingia katika maporomoko ya Kebrabasa, mahali ambapo leo pana bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji. Maji yalifura ghafla, mtumbwi wa Kirk ukabamizwa kwenye ukuta wa jiwe, naye akaonekana ameng'ang'ania jabali kwa mikono yake. Alipona. Madaftari manane ya maelezo na michoro ya mimea ipatayo mia moja vilikwenda na maji. Kwa hiyo tunapozungumzia nyaraka za Kirk za Zambezi tunazungumzia kilichosalia, na katika miezi kadhaa ya safari ile ya bara pengo ni kubwa.

Karibuni tujadiliane. Ningependa zaidi kusikia kutoka kwa waliofika Kilimani na kwa wenye ujuzi wa mimea.

Mkarafuu

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa mada, lakini naomba kusahihisha jambo moja kabla halijaota mizizi, kwa sababu naona katika uzi mwingine ulimwita Kirk "msomi wa enzi ya ukoloni". Kirk aliondoka Zanzibar mwaka 1886, na Zanzibar ilitangazwa kuwa nchi iliyo chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Muda wote aliokaa, kwa sheria, alikuwa mjumbe wa dola ya kigeni katika nchi yenye mfalme wake, na bendera iliyopepea juu ya Forodhani ilikuwa nyekundu ya Sultani.

Hili si suala la kuchagua maneno tu. Linabadilisha namna tunavyosoma barua zake. Gavana wa kikoloni huandika kama mtu mwenye amri, lakini balozi huandika kama mtu anayeshawishi, anayebembeleza, anayetisha pale anapoweza, na anayewaeleza wakubwa wake kwa nini jambo fulani halijafanyika. Barua ya mtu wa namna hiyo ina sababu ya kukuza ushawishi wake mwenyewe, kwani cheo chake kinautegemea. Ukisoma kwamba Sultani "alikubali kwa hiari", kumbuka aliyeandika ni nani na anamwandikia nani.

Mwandani wa Hati

Mkuu Mkarafuu, nakubali sahihisho lako bila ubishi. Nilitumia maneno yale kwa mazoea. Pengine lililo sahihi ni kusema kwamba nyaraka hizi zinaonyesha ukoloni ukiwa njiani, hasa kati ya mwaka 1884 na 1886. Mjerumani Carl Peters alikwenda Usagara, huko bara, na kurudi na mikataba yake, Ujerumani ikaitambua, na Kirk, ambaye kwa miaka kumi na zaidi alikuwa akimhakikishia Barghash kwamba Uingereza ni rafiki yake, akaagizwa na London amshauri Sultani asipinge. Makubaliano ya mwaka 1886 yalimwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi kwenda bara. Ni katika miaka hii miwili ambapo kusoma barua rasmi na barua binafsi kwa pamoja kunalipa zaidi, kwani mtu anatekeleza agizo analolijua kuwa linabomoa kazi yake mwenyewe.

Mwanamimea

Nimefanya kazi na mimea mikavu kwa muda mrefu, hivyo niruhusuni niseme kutoka upande huo.

Wanahistoria wengi husahau kwamba karatasi iliyobandikwa mmea mkavu ni hati kamili. Ina tarehe, mahali, mkono wa mwandishi, na mara nyingine maelezo ambayo hayapo katika barua yoyote. Kirk alikuwa mwangalifu katika hili, ndiyo maana mimea yake ilitumika tangu juzuu ya kwanza ya kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Kitropiki, kilichoanza kutolewa na Daniel Oliver wa Kew mwaka 1868.

Tazameni sasa suala la majina. Kima punju wa Unguja, yule wa msitu wa Jozani, alipewa jina la kisayansi na mtaalamu wa wanyama Gray mwaka 1868, nalo likaishia na neno kirkii, yaani "wa Kirk". Digidigi mmoja, kutokana na vielelezo kutoka Barawa, alipewa jina na Günther mwaka 1880, naye akaitwa kirkii. Mtoria, ule mtambaazi wa mwitu unaotoa mpira, nao ni kirkii. Mtu akisoma orodha hizo bila kujua, atadhani kisiwa kizima na mwambao wake vilikuwa mali ya bwana mmoja. Wazee wa Unguja Kusini walimjua kima yule, walijua anakula nini, na walikuwa na jina lake lenye kumhusisha na sumu, kabla sanduku la kwanza halijapakiwa kwenda London.

Lakini kuna mmea mmoja ulioponyoka. Huko kwenye mto Shire wenyeji walikuwa wakipaka mishale yao sumu waliyoiita kombe. Kirk alichukua kielelezo. Inasimuliwa kwamba mswaki wake ulikaa mfuko mmoja na sumu hiyo, na alipokuwa akipiga mswaki akahisi uchungu usio wa kawaida mdomoni, kisha akajipima mshipa na kuona mapigo yamepungua. Mtu mwingine angetema na kulaani, lakini huyu, kwa kuwa alikuwa tabibu, alihesabu. Vielelezo vilifika Edinburgh kwa Thomas Fraser, ambaye alivifanyia utafiti, na hatimaye strofantini ikawa dawa ya moyo iliyotumika hospitalini kwa miongo mingi. Mmea ukaitwa Strophanthus kombe. Humo neno la wenyeji limebaki ndani ya jina la kisayansi, na ujuzi wao ukaingia katika famasia ya dunia nzima, ingawa mtu aliyemwonyesha Kirk mti wenyewe hakupata hata herufi moja.

Niongeze jambo dogo nililoliona mwenyewe. Katika hifadhi moja ya mimea niliyowahi kufanyia kazi, lebo zilizochapwa zilikuwa na mstari wa "jina la wenyeji". Nilipitia kabati zima la mimea ya pwani ya karne ya 19, na mstari huo ulikuwa mtupu katika karatasi nyingi kuliko zilizojazwa. Ulipojazwa, mara nyingi ulijazwa kwa wino tofauti, yaani mtu mwingine aliongeza baadaye. Tangu hapo kila nikifungua jalada la barua za mkusanyaji, naanza kutafuta majina yaliyokosekana kwenye lebo, kwani mara nyingine yamo kwenye barua aliyoiandika wiki ileile.

Msema Kweli wa Bara

Samahanini, lakini naona tunajipendekeza. Mzungu alikuja, akachukua mimea, akachukua wanyama, akawapa majina yake, akaandika shajara, kisha sisi wajukuu wa waliobeba masanduku yake tunakaa kujadili uzuri wa mwandiko wake. Mnataka tumpe heshima ya nini? Kama mnataka historia, nendeni mkawasikilize wazee.

Mkarafuu

Ndugu yangu Msema Kweli, hakuna aliyesema apewe heshima. Kusoma barua ya mtu si kumwamkia. Na hao wazee unaowataja, wale waliokuwa watu wazima mwaka 1873, hayupo tena hata mmoja wa kumsikiliza. Walichokisema kimebaki kwa njia mbili: ndani ya tungo na masimulizi yaliyorithishwa, na ndani ya maandishi ya watu kama huyu waliokuwa wakiwauliza maswali kila siku. Njia ya pili ni chafu, nakubali, lakini kuiacha ni kuwaacha na hao wazee waliomo humo.

Mwandani wa Hati

Nimshukuru Ndugu Msema Kweli kwa swali, kwa sababu ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Badala ya kujibu kwa maneno ya jumla, naomba nichukue kitu kimoja tu, sandarusi.

Wanaotoka mwambao wanaijua. Ni utomvu mgumu wa msandarusi, na katika karne ya 19 ulikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za bandari ya Zanzibar, ukinunuliwa na Wamarekani, Wajerumani na Waingereza kwa ajili ya kutengenezea vanishi. Sandarusi iliyo bora haikutoka kwenye mti uliosimama. Ilichimbwa ardhini, mahali ambapo pengine hapakuwa na msitu tena, na ilipooshwa ilionekana ina vipele vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Ile mbichi, iliyokusanywa kwenye mti au chini ya mizizi yake, ilikuwa duni, na watu wa pwani waliiita chakazi.

Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakijiuliza: hii inayochimbwa ni ya mti gani? Je, ni mti uliokwisha kutoweka, au ni huu huu unaoonekana? Kirk alilishughulikia swali hilo akiwa Zanzibar na kuandika juu yake mara kadhaa katika jarida la Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe cha London. Aliona kwamba ndani ya vipande vilivyochimbwa mlikuwa na mabaki ya majani na maua yaliyonaswa utomvu ulipokuwa bado laini, na mabaki hayo yalilingana na ya msandarusi ulio hai. Jibu lake likawa kwamba ni mti mmoja, ila tofauti ni umri uliopita ardhini.

Sasa ndipo swali langu linapokuja. Mchimbaji wa sandarusi alijua tofauti ya chakazi na ile iliyokomaa kwa kuishika mkononi. Alijua ichimbwe wapi, kina gani, na baada ya mvua ipi. Mfanyabiashara wa Kihindi pale mjini aliipanga kwa madaraja kabla ya mzungu yeyote kuifikia. Ujuzi wote huo ulikuwa na msamiati wake, na msamiati huo umeingia katika maandishi ya wageni kwa vipande. Neno chakazi lenyewe mabaharia na wafanyabiashara wa Kiingereza walilisikia vibaya na kuligeuza neno la kwao, jackass, lenye maana ya punda dume, na kwa muda mrefu katika masoko ya London sandarusi mbichi ya Zanzibar iliuzwa kwa jina hilo la punda. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu, kisha nikakaa kimya kidogo, kwani nilianza kuwaza ni maneno mangapi mengine ya ufundi wa babu zetu yamelala katika vitabu vya forodha yakiwa yamevaa masikio ya punda.

Kwa hiyo, Ndugu Msema Kweli, mimi katika makaratasi ya Kirk simtafuti Kirk. Namtafuta mchimbaji wa sandarusi.

Msema Kweli wa Bara

Hapo kidogo nimekuelewa. Endeleeni.

Binti Mjukuu

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi na nimeanza kutafuta barua za miaka ya 1870 kuhusu bustani ya Kirk kule Mbweni, Unguja. Kila nikiandika "Barghash" kwenye katalogi napata kidogo sana. Je, ninakosea wapi? Na je, nikifika kwenye chumba cha kusomea nijiandae vipi?

Mzee wa Jalada

Marahaba, binti yangu. Hukosei, bali tahajia ndiyo inayokukosesha.

Wakati ule hapakuwa na Kiswahili sanifu cha maandishi ya Kirumi, na kila mwandishi alisikia kwa sikio lake. Seyyid Barghash utamkuta kama Burghash, Burgash, na mara nyingine cheo chake tu bila jina. Kilwa utaikuta kama Quiloa kwa wale waliofuata Wareno. Hata maporomoko aliyoyataja mleta uzi yana tahajia zisizopungua tatu. Ushauri wangu ni kwamba uandike kwenye daftari lako namna zote unazoweza kufikiria, usome jina kwa sauti kama mgeni asiyejua Kiswahili angelitamka, kisha utafute kila moja. Tena usitafute kwa jina pekee. Tafuta kwa tarehe. Ukijua barua iliandikwa mwezi fulani wa mwaka 1872, mwaka ule ambao kimbunga cha mwezi Aprili kiliangusha mikarafuu ya Unguja, fungua jalada la miezi hiyo na ulisome lote. Utachoka, lakini utapata usichokitafuta, nacho mara nyingi ndicho bora.

Pale Kilimani, kumbukumbu za ubalozi wa Kiingereza ziko katika fungu linaloanza na herufi AA. Kule Uingereza, barua za ubalozi kuhusu biashara ya watumwa ziko katika fungu la FO 84. Hizi mbili ni kama pande mbili za mazungumzo: nakala iliyobaki ofisini na barua iliyofika kwa mkubwa. Zikikutana, linganisha neno kwa neno. Barua zake kwa Kew ziko katika mkusanyo wa barua za wakurugenzi, na Hooker baba na Hooker mwana wote wamo, kwani mwana alimrithi baba yake mwaka 1865. Usiwachanganye.

Kuhusu chumba cha kusomea, nenda na penseli, kwani kalamu ya wino hairuhusiwi karibu popote penye hati. Usilambe kidole kufungua ukurasa. Ukikuta kiambatisho kimetajwa na hakipo, usidhani kimepotea. Makarani walikuwa na desturi ya kutenganisha ramani, orodha na barua za Kiarabu na kuzipeleka ofisi nyingine, hivyo uliza. Na kwa siku mbili za kwanza usinakili chochote, soma tu, mpaka mwandiko uuzoee. Mimi niliwahi kunakili kurasa kumi na nne nikiwa na haraka, kisha siku ya tatu nikagundua kwamba herufi niliyoisoma kama n ilikuwa u, na majina yote ya watu niliyoyaandika yalikuwa ya watu wasiokuwepo duniani.

Binti Mjukuu

Asante sana, babu. Nitafanya hivyo.

Mwanamimea

Napenda nirudi kidogo kwenye suala la kulinganisha, kwa sababu kuna mkusanyo mwingine unaomwonyesha Kirk kwa mwanga tofauti.

Mwaka 1884 Kirk alituma Kew kielelezo cha ua dogo la zambarau la misitu ya pwani. Mwaka 1887 mmisionari wa Mombasa, William Taylor, akatuma kingine. Vyote havikutosha kwa wataalamu kuliainisha. Ilikuwa mpaka afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alipotuma kwao mimea au mbegu kutoka upande wa Tanga, ndipo mtaalamu wa mimea Wendland akalipa jina mwaka 1893, na leo ua hilo linakaa kwenye madirisha ya nyumba nyingi duniani likiitwa Saintpaulia, kwa jina la Mjerumani huyo. Kwa maneno mengine, kufika wa kwanza hakumpi mtu jina. Kielelezo kinachotosha kuainishwa ndicho kinachompa.

Huyu Taylor ndiye ninayetaka kumleta mezani. Yeye pia alikuwa mkusanyaji, lakini alikusanya zaidi maneno kuliko majani. Nyaraka zake ziko London katika chuo cha SOAS, na ndani yake mna mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Tofauti na Kirk ni hii: tunajua ni nani aliyemwezesha. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, ndiye aliyeyatafuta mashairi yale kwa watu wa Mvita, akayaandika kwa hati za Kiarabu na kuyaeleza. Bila yeye Muyaka angekuwa jina tu. Jina la Sikujua limehifadhiwa kwa sababu mshairi hawezi kukusanywa bila mjuzi wa lugha kukaa mezani. Mmea unaweza. Unaukata, unaubana kwenye karatasi, na aliyekuonyesha anaondoka.

Mkarafuu

Hoja nzuri sana, Mwanamimea, ingawa naweza kusema kwamba hata Kirk alikuwa na wakalimani, makarani wa Kiarabu na watu wa nyumbani Mbweni. Walikuwepo. Je, kuna hata mmoja mwenye jina katika maandishi ya msafara ule wa Zambezi? Au wote ni "wenyeji" na "wapagazi"?

Mwandani wa Hati

Ndugu Mkarafuu, wapo wenye majina. Nitoe mmoja ambaye sijawahi kumsahau. Katika simulizi ya msafara waliyoichapisha David na Charles Livingstone mwaka 1865, wanapofika kwenye maporomoko makubwa ya Mosi-oa-Tunya (Victoria) mwezi Agosti 1860, anayewavusha kwa mtumbwi hadi kisiwani, ukingoni kabisa mwa shimo, anaitwa Tuba Mokoro. Waandishi wanaeleza kwamba maana ya jina hilo ni mvunja mitumbwi, na wanakiri kuwa lilikuwa jina la kutia shaka kwa mtu wa kazi ile, ila ndiye peke yake aliyesemekana kuijua dawa ya kuwakinga watu wasizame pale. Aliwaambia wakae kimya, na wakakaa. Kirk alikuwa nao.

Miezi mitatu hivi baadaye ndipo ilipotokea ajali ya Kebrabasa niliyoitaja mwanzoni. Nimeirudia simulizi hiyo leo asubuhi kwa ajili ya swali lako. Kirk ameng'ang'ania jiwe kwa mikono, na nahodha wa mtumbwi wake, yule aliyekaa nyuma kushika kafi la kuelekeza, ameng'ang'ania jiwe lilelile na wakati huohuo hauachii mtumbwi. Ndiye aliyeuokoa. Madaftari yalikwenda, ila mtumbwi ulibaki. Katika kitabu kile anatajwa kwa kazi yake tu. Shajara ya Kirk ya miaka hiyo ilichapishwa mwaka 1965 katika juzuu mbili, na Mzee wa Jalada amenifundisha nisome kwa tarehe, basi nimeanza na mwezi Novemba 1860, namtafuta huyo nahodha. Nikimpata nitaleta jina lake hapa.